Pwani, Chesisi Huisha Kabla ya Injini

Swali la pikapu ipi hudumu huulizwa sana hapa Mombasa, na kila mwenye gari hulijibu kwa uhakika kamili. Kazi yangu ya kusambaza vifaa vya ujenzi hunikutanisha na wenye pikapu za tani moja karibu kila siku: wachuuzi wa samaki wa Mtwapa, wabeba mawe wa Mazeras, wenye maduka ya jumla wa Kongowea, na makandarasi wanaoendesha pikapu za kabini mbili kati ya Nyali na Diani. Nimewasikiliza kwa miaka, nimewahoji, na nimelala chini ya magari yao nikiwa na tochi mkononi. Nimefikia kuamini kwamba sifa nyingi tunazozirudia kuhusu uimara wa magari haya tumezipokea kutoka bara, ambako msemaji hupima injini, ilhali huku pwani injini huwa bado nzima siku ambayo chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, imekwisha.

Mtu wa Eldoret au Nakuru anaposema kwamba pikapu yake haijawahi kumsumbua, huwa anamaanisha kwamba imesoma kilomita laki tatu au nne bila injini kufunguliwa. Hayo ni maneno ya haki. Hilux, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968, ilijipatia jina katika nchi zetu kwa injini za dizeli zisizo na tabo, hasa 3L na 5L, ambazo pampu yake ya mafuta haitegemei kompyuta na fundi yeyote mwenye spana na subira anaweza kuirudisha kazini. Isuzu D-Max, iliyozinduliwa Thailand mwaka 2002 na kuchukua nafasi ya TFR, pikapu ya Isuzu iliyoitangulia, huunganishwa Nairobi katika kiwanda ambacho tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa, na spea zake hupatikana hata katika miji midogo. Anayeyasifu magari haya mawili ana sababu ya kuyasifu. Kinachonitatiza ni kipimo. Kilomita hupima kazi iliyofanywa na injini, wala hazipimi miaka ambayo gari limelala karibu na maji ya chumvi. Pikapu inayozunguka kati ya Likoni na Kongowea yaweza kusoma kilomita 90,000 tu huku chini imeoza, na nyingine iliyokwenda Nairobi na kurudi hadi ikafikisha 400,000 ikawa na chesisi inayolia vizuri ukiigonga kwa nyundo.

Chuma huhitaji maji na oksijeni ili kishike kutu. Chumvi inapoyeyuka katika maji hayo huyafanya yapitishe umeme kwa wepesi zaidi, na kutu hukimbia. Isitoshe, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma kilichopakwa chumvi hubaki na umajimaji hata siku ambayo hakuna mvua, na hewa ya Mombasa haikosi unyevu wa kuvutwa. Kusi inapovuma, kuanzia mnamo Aprili hadi karibu Septemba, bahari huchafuka kwenye miamba na matone madogo madogo huchukuliwa na upepo hadi ndani ya mitaa. Gari linalolala Shelly Beach, au Nyali na Bamburi kwenye nyumba zinazoelekea bahari, hupokea chumvi usiku kucha bila kutoka uani.

Umbo la chesisi yenyewe huusaidia uharibifu huu. Pikapu hizi hujengwa juu ya mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa mihimili mifupi ya kukingama, na katika nyingi za siku hizi mihimili mirefu imefungwa pande zote nne ili isijikunje gari linapobeba mzigo. Ndani yake ni pango. Watengenezaji huacha vitundu vya kutolea maji, lakini mchanga wa ufuoni na udongo mwekundu wa Kinango huingia, hukaa juu ya vitundu hivyo, na kugeuka tope lenye chumvi ambalo halikauki. Kutu basi huanzia ndani na kutoka nje, huku rangi nyeusi ya nje ikiendelea kung'aa. Mwenye gari akiona kiputo cha kwanza kwenye rangi, huwa anatazama mwisho wa jambo lililoanza miaka mingi nyuma.

Anayedhani ninazidisha na aangalie yaliyotokea Marekani. Huko chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na Tacoma, pikapu ya ukubwa wa kati ya Toyota ambayo wenye nayo husifu injini yake bila kuchoka, ilianza kuoza chesisi. Mwaka 2008 kampuni ilitangaza kuyanunua tena baadhi ya magari hayo ya miaka ya tisini, na mwaka 2016 ikakubali suluhu ya kesi kuhusu Tacoma za 2005 hadi 2010 pamoja na baadhi ya Tundra na Sequoia, magari mengine ya Toyota, magari yapatayo milioni 1.5, kwa thamani iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Ni mtengenezaji yule yule ambaye uimara wa injini zake haubishaniwi popote. Chumvi haikujali jina lililobandikwa nyuma ya gari.

Jambo hili linatugusa kwa njia nyingine. Sheria yetu inaruhusu kuingiza magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8 na yenye usukani wa kulia, na kwa kuwa Hilux haikuuzwa Japani kuanzia 2004 hadi 2017, anayetafuta pikapu ya kabini mbili iliyotumika mara nyingi huelekezwa Thailand au Uingereza. Pikapu ya Uingereza huja na viti safi, kitabu cha huduma kilichopigwa mihuri, na rangi ya kupendeza. Lakini Uingereza nako humwagwa chumvi barabarani, na ni huko ambako wenye Nissan Navara aina ya D40 walilalamika kwamba chesisi zao zilikatika nyuma ya kabini kwa sababu ya kutu, hata kampuni ikalazimika kuyanunua baadhi ya magari hayo. Gari la namna hiyo linaposhushwa Kilindini limekwisha kula chumvi ya kule kabla halijaonja yetu. Mimi singelinunua bila kulipandisha juu, hata likipunguzwa bei kiasi gani.

Nitoe mfano wa magari mawili ninayoyajua kwa karibu, bila kutaja aina zake, kwa kuwa kilichotofautisha hatima zake ni kazi na mahali. La kwanza ni la mchuuzi wa samaki wa Mtwapa aliyelinunua jipya. Hulisifu kwa moyo wote, na injini yake kweli huwaka kwa mpigo mmoja asubuhi. Lakini kila siku hubeba makasha ya samaki na barafu, na barafu ikiyeyuka hushuka pamoja na maji ya bahari kupitia matundu ya bolti za karai la nyuma la kubebea mzigo, ikidondoka juu ya mhimili wa kukingama na mahali springi zinaposhikiwa. Nilipolala chini yake niliweka ncha ya bisibisi pale ambapo kishikio cha springi kimechomelewa kwenye chesisi, nikasukuma kwa kidole gumba tu. Bisibisi ilizama. Vipande vya kutu vilianguka kwa matabaka, na ndani yake mlikuwa na tope jeusi lenye harufu ya samaki. Mwenyewe aliniambia tena kwamba gari halijamsumbua hata siku moja, na kwa kipimo chake alikuwa akisema kweli, kwa sababu chesisi haitoi sauti, haiwashi taa kwenye dashibodi, wala haili mafuta zaidi inapokaribia kuvunjika.

La pili ni la mbeba mawe wa Mazeras. Ni kuukuu zaidi kuliko la Mtwapa, limeongezwa majani ya springi hadi linatembea likiwa limeinua nyuma, na hubeba mawe ya kutandika nyua kwa uzito ambao nisingethubutu kuutetea. Springi zimekatika na kubadilishwa, bushi huliwa kama karanga, na bodi imejaa makovu. Chesisi yake ni nzima. Inalala vilimani, mbali na upepo wa bahari, na vumbi linaloishika ni kavu. Ukiwauliza wenye magari haya mawili, wa Mtwapa atakwambia lake halina kasoro na wa Mazeras atakusomea orodha ndefu ya matengenezo. Mnunuzi anayefuata maneno yao tu atachagua gari lisilofaa.

Tena yapo mambo ambayo tunajitendea wenyewe kwa nia njema. Maji ya bomba hayautoshi mji huu, na wengi wanaoosha magari hutumia maji ya visima, ambayo katika kisiwa na kandokando ya pwani mara nyingi yana chumvi kwa sababu bahari hupenya chini ya ardhi. Mwenye pikapu hulipeleka gari kuoshwa kila Jumamosi, kijana huingiza bomba lenye nguvu chini ya gari, na maji ya chumvi husukumwa hadi ndani ya mihimili ambako upepo peke yake usingeyafikisha. Gari hutoka likimeremeta. Kuyatambua maji hayo ni rahisi: tone likikauka juu ya kioo huacha duara jeupe, na sabuni haitoi povu la kutosha. Ningependa kila mwenye gari aulize maji yanatoka wapi kabla ya kuuliza bei ya kuoshewa. Heri gari lisioshwe chini kabisa kuliko kuoshwa kwa maji hayo kila wiki.

Kuna pia desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari. Wazee wengi huitetea, na ni kweli kwamba oili huzuia maji yasiguse chuma kwa muda. Lakini oili ya injini hulegeza mpira, ikiwemo mipira ya bushi na vifuniko vya jointi, hushika vumbi na kulifanya gamba, na ikinyesha mvua huishia ardhini au baharini. Rangi nzito nyeusi nayo huuzwa kama kinga, ila ikipakwa juu ya kutu huwa inaificha tu, na unyevu ulionaswa chini yake huendelea na kazi bila kuonekana. Muuza magari aliyepaka chesisi rangi nyeusi mbichi juma moja kabla ya kuuza amenipa sababu ya kuikwangua.

Fundi mmoja mzee wa Shimanzi ndiye aliyenieleza kwa nini jambo hili lina uzito kuliko tunavyoudhania. Nilimkuta akitazama pikapu iliyopanda juu ya magogo, mikono nyuma, bila kugusa kitu.

"Fundi, haichomeleki?" nilimuuliza.

"Mwanangu, nichomelee juu ya nini? Chuma kilichobakia hakishiki moto, chatoboka." Kisha akaonyesha kidole mhimili wa kulia. "Injini yauzwa. Giaboksi yauzwa. Hii ndiyo gari lenyewe, na nambari yake imo ndani ya logibuku."

Alisema kweli. Nambari ya chesisi hupigwa kwenye chuma chenyewe, katika pikapu nyingi upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele, na ndiyo inayolitambulisha gari katika hati. Injini ikibadilishwa, nambari mpya huandikishwa na maisha yakaendelea. Nambari ya chesisi ikiliwa na kutu hadi mkaguzi asiisome, uuzaji hukwama hata kama kila kitu kingine ni kizima, na kuihamishia bodi juu ya chesisi nyingine ni kuingia katika maswali ya polisi ambayo mtu mwaminifu hapendi kuyajibu.

Sisemi kwamba injini hazina kasoro. Injini ya 1KD ya lita 3.0, iliyokuwa kwenye Hilux ambazo wengi tunaziita Vigo, ilikuwa na washa za shaba, yaani pete bapa za kuziba, chini ya injekta zinazopuliza dizeli ndani ya injini; washa hizo zikilegea huacha gesi ya mwako kupenya, masizi yakajaa kwenye oili, na mwishowe chujio la kufyonzea oili chini ya injini likaziba. Aliyezibadilisha washa hizo mapema na kusafisha chujio bado anaendesha. Aliyepuuza amenunua injini. Ile ile hutumia mshipi wa taimingi unaotaka kubadilishwa kwa wakati, ilhali injini za 1GD na 2GD zilizofuata zina mnyororo. Mnyororo nao si dhamana, kwani ule wa injini ya YD25 katika Navara za D40 za awali ulijulikana kwa kurefuka. Ford Ranger ya lita 3.2 ina pampu ya oili inayoweza kupoteza uvutaji oili ikiachwa kumwagika kwa muda mrefu wakati wa huduma, kwa hiyo fundi anayeenda kunywa chai huku oili ikidondoka anaweza kuiua injini nzima bila kujua. Kasoro hizi zina majina, zina dawa, na zina bei. Mwenye gari anaweza kuziwekea akiba.

Mafuta ndiyo yaliyoleta ugomvi kati ya wapenzi wa injini za zamani na za sasa. Dizeli, mbali na kuwaka, hulainisha pampu na injekta, na ikichanganywa na mafuta ya taa hupoteza ulaini huo. Injini kama 3L ilivumilia mengi. Injekta za kisasa zinazofanya kazi kwa shinikizo kubwa hazivumilii. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchanganyaji. Anayelaumu gari jipya kwa injekta zilizokufa angeanza kwa kuchunguza kituo anachojazia mafuta na mara anazobadilisha filta.

Kuhusu viti, redio, rangi ya dashibodi na vitufe vya vioo, maoni ya wenye magari hayana faida kubwa kwa mnunuzi. Vyote huchakaa, vyote hubadilishwa.

Ninapoombwa ushauri kabla ya mtu kununua, humwambia aanze kwa kuuliza gari limelala wapi na limebeba nini, kisha ndipo aulize limesoma kilomita ngapi, kwa kuwa mita hurudishwa nyuma kwa urahisi na anwani ya nyumbani hairudishwi. Gari lipandishwe kwa jeki imara na stendi, au likapelekwe kwenye shimo la gereji, na nyundo ndogo ipite kando ya mhimili wote. Chuma kizima hulia kwa mlio mkavu. Kilichooza hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Sehemu za kukaziwa macho ni juu ya ekseli ya nyuma, mahali mhimili unapopinda, na vishikio vya springi mbele na nyuma, kwa kuwa huko tope hukaa na mzigo hugandamiza. Ufito wa waya uingizwe kwenye vitundu vya kutolea maji. Ukitoka na mchanga mweupe, gari hilo limewahi kuendeshwa ufuoni, liwe limetangazwa vingine au la. Muuzaji akikataa gari lisipandishwe, mazungumzo yamekwisha.

Aliye na gari tayari na alioshe chini kwa maji matamu, kwa bomba la kawaida, mara kwa mara wakati wa kusi na kila baada ya kwenda ufuoni au kubeba samaki. Azibue vitundu kwa mkono. Kutu iliyoanza ikwanguliwe hadi chuma kionekane, ipakwe rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na ndani ya mihimili ipulizwe nta ya magari, ambayo hutambaa na kufika pembe ambazo brashi haifiki. Wachuuzi wa samaki watandike karai zima kwa plastiki nzito yenye mdomo unaomwaga maji nyuma ya bampa, yasipitie kwenye bolti. Gharama ya haya yote kwa mwaka haifikii bei ya tairi mbili nzuri.

Na paipu za breki zisisahauliwe. Ni za chuma chembamba, zimepita juu ya chesisi pale pale tope linapokaa, na katika magari ya huku hutoboka kabla ya mhimili wenyewe. Mafundi wetu wamezoea kukata kipande kilichooza na kuunganisha kipya hapo hapo, ingawa kilichobaki pande zote mbili kina umri ule ule na kitatoboka kwenye mteremko mwingine. Ombeni mstari mzima ubadilishwe kutoka mbele hadi nyuma, na uwe wa mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao fundi huupinda kwa mkono na haushiki kutu.